Baridi Mali ya Serikali

Iko nchi moja, na msomaji asiwe na wasiwasi, kwani iko mbali mno: ng'ambo ya bahari, kisha ng'ambo ya bahari nyingine, katika milima ya Andes, ambako watu hulala wakati sisi tunapanga foleni na hupanga foleni wakati sisi tumelala. Kilichotuzuia kulitaja jina lake ni adabu tu, wala si sheria. Haya yatakayosimuliwa hayawezi kutokea kwingine kokote, maana yanahitaji milima mirefu, viazi vichungu na serikali, na ni nadra sana vitu hivyo kukutana mahali pamoja.

Katika nchi hiyo kuna jimbo liitwalo Wairapata, ambalo limesimama wima. Majimbo mengine yamelala chali, kama inavyotakiwa na Wizara ya Ardhi. Lakini Wairapata huanzia bondeni kwenye michungwa na kupanda, na kupanda, hadi mahali ambapo hata ndege hutua ili apumue. Wachora ramani wa mji mkuu, ulioko pwani tambarare, hulionyesha kama kiraka kidogo tu. Wenyeji hucheka, wakisema kwamba lau jimbo lao lingepigwa pasi, lingeifunika nchi nzima na kingebaki kipande cha kushonea mfuko.

Uchumi wake ulikuwa hivi. Bondeni huota machungwa, pilipili na wanasiasa. Juu ya bonde, kwenye matuta yaliyojengwa kwa mawe na mababu, huota mahindi. Juu ya mahindi huota viazi. Na juu ya viazi hakuna kinachostawi ila nyasi ngumu, wanyama wa sufu waitwao lama na alpaka, na baridi. Kila ukoo ulijitandaza kwenye mteremko mzima kama nguo iliyoanikwa: shangazi mwenye alpaka juu, mjomba mwenye mahindi chini, na katikati ndugu wa viazi. Sufu iliteremka, mahindi yalipanda, na hakuna aliyelala njaa. Wataalamu walipolichunguza jambo hilo waliandika kwamba jimbo halina uchumi, kwa kuwa hawakumwona mtu akiuza.

Lakini roho ya jimbo ilikuwa ile baridi. Viazi vya juu kabisa, vinavyostahimili kila kitu, ni vichungu kiasi kwamba hata mbuzi hugeuza uso. Haviliwi mpaka vigandishwe. Katika mwaka kuna majuma machache tu ambapo anga huwa safi na baridi kali hushuka usiku. Hapo wanakijiji huvitandaza viazi uwandani, vikaganda usiku na kuyeyuka mchana, siku kadhaa mfululizo. Kisha watu wote, wakubwa kwa wadogo, huvua viatu na kuvikanyaga ili maji na uchungu vitoke, halafu huviacha vikauke juani. Kinachobaki ni kigumu kama kokoto na chepesi kama kizibo. Huitwa chunyo, nacho huweza kukaa ghalani muda mrefu kuliko serikali yoyote. Mawingu yakirudi, baridi huondoka. Na asiyewahi, mwaka huo hana chakula.

*

Delfina Waranka alizaliwa Kasapampa, kijiji cha uwanda wa juu ambako baridi hushuka vizuri kuliko kwingine kokote jimboni. Kule kazi hailipwi kwa fedha bali kwa siku: leo unanilimia, kesho nakulimia, na siku usiyoirudisha hukufuata hata ukihamia mji mwingine. Delfina alipopata nafasi ya chuo kikuu, mama yake, Nikanora, alibaki peke yake na mashamba. Majirani wakaja kumlimia, kumvunia na kumkanyagia viazi, mwaka baada ya mwaka, bila kuitisha chochote. Hivyo binti alirudi na shahada yake, na nyuma ya shahada hiyo zilisimama siku za kijiji kizima.

Hakurudi kushika jembe. Aliajiriwa makao makuu ya jimbo, kule bondeni, kuwa Mwandishi wa Hotuba wa Gavana. Aliamini, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba ukweli ukiandikwa kwa lugha nzuri utasikilizwa, na ukisikilizwa utafanyiwa kazi. Kwa bahati mbaya, ilitokea hivyo hivyo.

Gavana Belisario Montalva alikuwa mtu wa bondeni, mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kengele. Kimo kilimtia kizunguzungu. Hakuwahi kupanda juu zaidi ya roshani ya ofisi yake, na sehemu ya juu ya jimbo aliitawala kwa darubini. Siku moja alitembelewa na Waziri wa Rasilimali Zilizolala, na Delfina akaagizwa kwamba hotuba ya mapokezi iwe na kitu cha kugusa moyo. Akamkumbuka mama yake asubuhi za kukanyaga viazi, miguu myekundu, akiimba kwa sauti inayotetemeka. Akaandika: "Baridi ya Kasapampa ni mali yetu sote, ndiyo inayotulisha."

Gavana aliisoma sentensi hiyo vizuri sana. Waziri, aliyekuwa akisinzia, akainua kichwa.

"Mheshimiwa Gavana, umesema mali?"

Gavana akaitazama karatasi ili ahakikishe. "Nimesema mali, Mheshimiwa Waziri."

"Na mali hiyo sasa hivi iko wapi?"

"Iko nje, Mheshimiwa. Juu kule."

"Nje! Bila mlinzi?"

Waziri akaegemea mbele.

"Na wananchi wanaichukua tu hivi hivi?"

"Wanaichukua, Mheshimiwa," Gavana alikiri, kichwa kimeinama. "Tena kwa miguu."

Kabla ya chai ya jioni, Mamlaka ya Baridi ilikuwa imeundwa.

*

Mkurugenzi wake alikuwa Mhandisi Kasimiro, shemeji wa Gavana, aliyeteuliwa baada ya ushindani mkali dhidi ya shemeji mwingine. Sifa zake hazikutiliwa shaka, kwani kwa miaka mingi alikuwa akimiliki kiwanda cha aiskrimu. Tangazo lake la kwanza lilisema kwamba baridi yote ishukayo ndani ya mipaka ya jimbo ni mali ya Serikali, na kwamba ni marufuku kwa mtu binafsi kugandisha kiazi, kusababisha kiazi kigande, au kumwona jirani akigandisha na kupita kama vile hakuona. Viazi vyote vichungu viteremshwe kwenye Kituo Kikuu cha Ugandishaji, kilichojengwa bondeni ili kusogeza huduma karibu na viongozi.

Kituo kilikuwa jengo la kupendeza. Kilikuwa na paa, kwa sababu sheria ya majengo ya umma haitambui jengo lisilo na paa. Na kilikuwa na kuta nene, kwa sababu mkandarasi wa kuta alikuwa yule shemeji mwingine. Nje, michungwa ilikuwa imechanua.

"Mhandisi," Delfina aliuliza, "baridi itaingiaje na paa lipo?"

"Mlangoni, binti. Kila kitu chenye heshima huingia mlangoni."

"Lakini hapa ni joto."

"Kwa sasa. Hewa baridi ni nzito, nawe umesoma. Kitu kizito hakina budi kushuka. Sisi tumeiandalia mapokezi."

Kijiji cha jirani na Kasapampa, kilichokuwa na utii mwingi, kiliteremsha viazi vyake mara moja. Chini ya paa vilichipua, kisha vikalainika, kisha vikaanza kuwafukuza makarani wa ofisi za karibu. Taarifa ya Mamlaka ilieleza kwamba viazi "vimeonyesha ukuaji wa kuridhisha." Gavana alipita pale na leso puani, akavuta pumzi kwa fahari.

"Hiyo," alisema, "ndiyo harufu ya viwanda."

Huko juu, Kikosi cha Kulinda Baridi kilipiga kambi kwenye uwanda wa Kasapampa. Kiliongozwa na Sajini Ruperto, mtu wa pwani ambaye hadi wakati huo baridi aliijua kwenye soda tu. Kila asubuhi alituma taarifa ile ile: baridi ilikuwepo alfajiri, haikupatikana jua lilipochomoza, imetoroka. Mamlaka ikaunda tume ya uchunguzi. Tume ikalitaja jua kuwa mshukiwa mkuu, lakini haikuweza kulihoji, kwani kila lilipoitwa ofisini lilikuwa kazini.

*

Delfina alitumwa kwenda kuwaelimisha wananchi. Gari la Serikali lilimfikisha mahali barabara ilipochoka, akamalizia kwa miguu. Pembezoni mwa uwanda aliwakuta wanawake wa Kasapampa wameketi kando ya marundo ya viazi yaliyofunikwa kwa nyasi. Mbele yao ulitanda uwanda mtupu, na kati yao na uwanda walisimama askari wenye bunduki, wamejifunika mablanketi ya wanakijiji.

"Karibu, Serikali," alisema Ubaldina, dada wa marehemu baba yake, ambaye ulimi wake ulijulikana hadi kwenye mahindi. "Umekuja na kiti chako, au tukukalishe kwenye viazi?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Shikamoo hiyo ni yako mwenyewe, au imeidhinishwa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Delfina akafungua tangazo, akajaribu kulisoma, akalikunja tena.

"Inatakiwa viazi viteremke bondeni kabla ya Rais kuja kuzindua Kituo."

"Vikafanye nini?"

"Vikagandishwe."

"Kwenye michungwa?"

"Kuna jengo, shangazi. Lina paa."

Ubaldina akawageukia wenzake. "Mmesikia? Wameijengea baridi nyumba, isije ikapata mafua!"

Hata askari mmoja alicheka, kisha akakohoa ili ionekane alikuwa anakohoa. Nikanora pekee hakucheka. Alikuwa akimwinulia Sajini Ruperto bakuli la supu.

"Mama, leo hamna chunyo ndani?" Sajini aliuliza, akikoroga kwa kijiko.

"Imebaki ya chini ya ghala, mwanangu. Mmelinda mpaka sufuria."

Sajini akanywa supu yake kwa aibu. Nikanora akamshika binti yake mkono, akamwongoza kando, akafunua nyasi za rundo lao wenyewe. Viazi vidogo, vyeusi, vyenye udongo mkavu, vilikuwa vinasubiri.

"Anga limekaa vizuri sasa," alisema. "Likifunga, basi. Hivi havina kazi nyingine duniani. Hata lama hali."

"Mama, mimi nilidhani..."

"Najua ulidhani. Ulidhani vizuri tu. Lakini wakati uko huko chuoni ukidhani, hawa walinipa siku zao. Sasa hawana cha kula mwaka kesho, nao hawajanitazama vibaya hata mara moja. Hilo ndilo linaloniumiza."

"Nifanye nini? Sina jeshi."

"Huko chini unafanya kazi gani hasa?"

"Naandika maneno."

Nikanora akawatazama askari, kisha akamtazama mwanawe kama anayepima gunia kwa macho. "Basi tuandikie ya kuwaondoa hawa. Kwa muda wa kuganda, kukanyaga na kukauka. Muda huo unaujua."

Delfina aliujua. Alikuwa amekua ndani yake.

*

Njiani kuteremka aliwaza hadi kichwa kikamzunguka kama cha Gavana. Kuandika ukweli alikwisha kujaribu. Sentensi moja ya kweli, tena fupi, ilikuwa imekiweka kijiji kizima njaani. Ndipo alipokumbuka desturi kuu ya nchi yake, ambayo haimo katika katiba lakini ndiyo inayoheshimiwa kuliko katiba: hafla ya Serikali haiwezi kwisha mpaka kila kiongozi aliyepo apewe nafasi ya kusalimia, na hakuna ruhusa ya mtu kuondoka kabla ya mgeni rasmi.

Kesho yake alimkuta Gavana akinywa kahawa kwenye roshani.

"Mheshimiwa, Rais atapokelewa na nani?"

"Na mimi."

"Na baridi je?"

"Baridi imefanya nini tena?"

"Ni mali ya Serikali, Mheshimiwa, yenye kikosi chake. Itampokeaje Mkuu wa Nchi bila gwaride?"

Gavana akaweka kikombe chini taratibu. "Kikosi kizima kikishuka, nani atalinda huko juu?"

"Alinde nini? Si baridi yote itakuwa imeshuka kumpokea Rais?"

Gavana akapiga paja. "Nani aliwahi kusema watu wa juu hawana akili?"

"Ni wewe, Mheshimiwa. Hotuba ya mwaka jana."

"Ifute."

"Na katika ratiba," Delfina aliendelea, "nimeona tusimnyime kiongozi yeyote nafasi ya kusalimia. Wote, kwa ngazi zao, itifaki ikizingatiwa."

"Vyema. Na yangu?"

"Yako ni ndefu kuliko ya Waziri."

"Kwa kiasi gani?"

"Kwa kiasi cha heshima, Mheshimiwa."

Mchana huo huo Delfina alihakikisha kwamba katibu wa Waziri anazipata habari hizo. Jioni Waziri akaagiza hotuba yake irefushwe. Gavana akaagiza yake ilipize kisasi. Wenyeviti wa halmashauri, wakiona mambo yamekuwa hivyo, wakaomba na wao waandikiwe "kitu cha kusimama nacho." Delfina aliandika hadi vidole vikafa ganzi. Aliandika jiografia ya jimbo tangu milima ilipoinuka kutoka baharini, safu kwa safu, mto kwa mto. Aliandika historia ya kila tuta la mawe na shukrani kwa kila jiwe. Aliyekuwa ameapa kuandika ukweli kwa ufupi sasa aliusukuma upuuzi kwa jembe na koleo. Na kila alipoona aya imekaribia kufikia maana, aliikata.

*

Siku ya uzinduzi wageni walifika wakiwa na makoti ya sufu, kofia na glavu, kwa sababu kadi ziliagiza mavazi ya baridi. Bondeni jua lilikuwa likiwaka. Ndani ya Kituo, viazi vilikuwa vimepangwa katikati ya mabonge ya barafu kutoka kiwanda cha Mhandisi Kasimiro, na vilinuka stroberi kidogo. Kikosi cha Kulinda Baridi kilisimama pande zote za ukumbi, na kila Sajini Ruperto alipogonga kisigino, wageni walitetemeka kwa adabu huku jasho likiwachuruzika.

Rais alikuwa mtu mtaratibu, aliyejifunza kulala macho yakiwa wazi. Gavana alianza na asubuhi, akafika kwenye machweo. Waziri akamjibu. Desturi ilimtaka kila msemaji awataje kwanza, kwa vyeo vyao kamili, wote waliokwisha kusema kabla yake. Hivyo kila aliyesimama alikuta mzigo wa utangulizi umeongezeka, na ikawa kuwatambua waliopo kunachukua muda mrefu kuliko kuwasalimia. Hafla ikaahirishwa kwa mapumziko, ikaendelea asubuhi, ikaahirishwa, ikaendelea. Hakuna aliyeondoka.

Kasapampa nacho kilishiriki. Kilileta kikundi cha ngoma, kikiongozwa na Ubaldina, na kila asubuhi wachezaji wapya waliteremka huku waliochoka wakirudi juu "kupumzika." Kila alipopita karibu na Delfina, aliyesimama kando ya jukwaa kama mshereheshaji, Ubaldina alimnong'oneza.

"Anga safi. Vimeganda juu, ndani bado laini."

Delfina akamwita Mwenyekiti wa Chama cha Wakulima wa Machungwa.

"Vimekuwa mawe," Ubaldina alisema asubuhi iliyofuata. "Leo wanakanyaga. Mama yako yuko mbele, anaimba."

Delfina akawaita wakurugenzi wastaafu, na wake zao.

Kisha, ghafla, Rais akaamka. Akamwinamia msaidizi wake, na msaidizi akaja kwenye jukwaa.

"Mkuu anauliza wamebaki wangapi. Angependa kuondoka mchana huu."

Viazi vyote vilikuwa uwandani, vimekanyagwa, vimevuliwa maganda, vyeupe chini ya jua ambapo askari wangeviona kutoka mbali. Rais akiondoka, Kikosi kinapanda. Delfina alifungua kinywa bila kujua atakalosema.

Hakuhitaji kusema. Safu ya mbele, Waziri wa Rasilimali Zilizolala, ambaye kwa kumshinda Gavana alikuwa amevaa makoti mawili, alisimama, akageuka rangi, akaanguka kifudifudi kwenye zulia.

"Joto!" mtu mmoja alipiga kelele.

Ukumbi mzima ukashtuka. Neno hilo halikuwa kwenye ratiba. Mhandisi Kasimiro akasimama akiwa kijivu kama jivu, na Delfina akamwona akitafuta mlango kwa macho. Akamkimbilia.

"Mhandisi, mwangalie vizuri. Hasogei."

"Naona hasogei!"

"Amekakamaa. Unakiitaje kitu kikikakamaa ndani ya Kituo chako?"

Kasimiro akamkodolea macho. Polepole uso wake ukapata rangi, kisha ukapata fahari. Akanyakua kipaza sauti.

"Mheshimiwa Rais! Nina heshima ya kutangaza kwamba Mheshimiwa Waziri amegandishwa! Ni kiongozi wa kwanza katika historia ya taifa kugandishwa kwa utaalamu wa ndani ya nchi!"

Makofi yalitikisa paa. Rais alisimama, macho yakiwa wazi kwa sababu halisi, akampa Mkurugenzi mkono. Waziri alimwagiwa maji, akazinduka, akaambiwa alichofanikisha, akalia kwa furaha. Na kwa kuwa tukio kubwa kama hilo haliwezi kupita bila kutolewa pongezi, viongozi wote waliokwisha kusalimia ilibidi wasimame upya kupongeza, kuanzia Gavana. Na walipomaliza kupongeza, ikaonekana si uungwana kutompa Waziri pole.

Waliendelea na pole siku kadhaa. Mwisho akaja Ubaldina, miguu yake imepasuka na kuwa zambarau, akicheza taratibu kuliko ngoma ilivyotaka.

"Viko ghalani," alisema. "Waache wakanywe maji."

Delfina alisogea kwenye kipaza sauti. Neno la shukrani alilokuwa ameliandika lilikuwa refu kuliko mto. Akaliweka kando.

"Asanteni kwa kuja," alisema.

*

Sajini Ruperto alirudi juu, akatazama, akashuka tena mbio bila hata kupumua vizuri.

"Mheshimiwa Gavana! Baridi imeibwa!"

"Imeibwa na nani?"

"Kijiji kizima! Maghala yamejaa chunyo hadi milangoni. Uwanda wote umejaa nyayo."

Gavana akapiga meza. "Wakamatwe! Wote, na wazee wao!"

Delfina, aliyekuwa ameketi pembeni na kalamu, akaweka kalamu chini. Lakini Mhandisi Kasimiro alikuwa tayari amemshika shemeji yake mkono.

"Shemeji, ngoja kwanza. Tulimwambia Rais kwamba baridi yote ilikuwa huku chini."

"Ndiyo. Kwa hiyo?"

"Ikiwa yote ilikuwa huku, huko juu waliiba nini?"

Gavana akatoa leso. Jasho lilimtoka polepole kwenye kipara. Alikuwa mwanasiasa mzoefu. Aliweza kuona shimo, mradi liwe la kwake.

"Sajini," alisema kwa upole mkubwa, "nyayo hizo zilielekea wapi?"

"Hazikuelekea popote, Mheshimiwa. Zimezunguka pale pale, juu ya nyayo nyingine. Za watoto, za wazee, peku."

"Kama za watu waliokuwa wakicheza?"

Sajini Ruperto akatazama miguu yake. Huenda alikumbuka bakuli la supu. "Kama za watu waliokuwa wakicheza, Mheshimiwa."

"Basi ndivyo ilivyokuwa. Wananchi wa Kasapampa, kwa kukosa nafasi ukumbini, walimshangilia Rais kwa mbali, peku, kwenye baridi—"

"Baridi haikuwepo, shemeji."

"—peku, kwenye hewa ya kawaida. Delfina, andika. Wapewe tuzo ya uzalendo."

Tuzo ilikuwa ngao ya shaba, na Delfina ndiye aliyetumwa kuipeleka. Alikuta moto umewashwa nyumbani kwa mama yake, sufuria ikitokota, na nusu ya kijiji imejibana ndani. Ubaldina aliigeuza ngao huku na huku, akaifunika sufuria nayo, akaona inatosha vizuri. Hakuna aliyesema neno juu ya siku alizokuwa akidaiwa. Walimsogezea tu kigoda karibu na moto, mahali pa mtu aliyetoka kazini.

Delfina alishika bakuli, akashindwa kula. "Mamlaka imeongezewa bajeti," alisema. "Mwakani Kikosi kitakuwa kikubwa zaidi. Rais amesema utaalamu huu uenezwe."

Ubaldina akaufuta mdomo wake kwa kiganja.

"Una karatasi?"

"Ninayo."

"Andika. Sisi wananchi wazalendo wa Kasapampa, tuliotunukiwa, tunaiomba Serikali yetu tukufu sherehe hii iwe ya kila mwaka, anga likiwa safi. Umeandika?"

"Nimeandika, shangazi."

"Kikosi chote kishuke kwa gwaride, asibaki hata mpishi. Na viongozi waje wote, wa zamani na wa sasa na wanaotarajia. Asinyimwe mtu nafasi ya kusalimia."

Delfina akaandika, tabasamu likimponyoka kwa mara ya kwanza tangu arudi na shahada yake. "Watataka kujua, shangazi. Hotuba ziwe za muda gani?"

Ubaldina akamgeukia Nikanora. Nikanora alikuwa ameinua chunyo moja kutoka kwenye ungo, akaigonga kwa ukucha, akaitegea sikio, akaing'ata.

"Mpaka vikauke," alisema.